Muulize Shangazi wa Bandarini: Duka la Kariakoo, skrini ya korosho na akaunti iliyofungwa

Mashangazi wengine wa magazetini wanaandikiwa habari za ndoa na mawifi. Mimi mnaniandikia habari za kontena. Sina malalamiko, nimekula mshahara wa kugomboa mizigo Dar es Salaam tangu enzi za teleksi, ile mashine ya kurushia maandishi kwa waya, na hayo ndiyo ninayoyajua. Barua za mwezi huu, ukiziweka pamoja mezani, zinauliza jambo moja: simu imetuunganisha na dunia nzima, mbona pesa bado inapitia kwa watu walewale?

Shangazi, shikamoo. Nina duka la pochi na viatu vya kike Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Zamani nilikuwa napanda ndege kwenda Guangzhou, nachagua mzigo mwenyewe, narudi nauza kwa raha. Siku hizi mteja anaingia na simu mkononi, ananionyesha pochi ileile, picha ileile, ananiambia, "Dada, huku ni yuani 28, wewe unaniuzia 35,000?" Wengine wanaagiza wenyewe. Nifunge duka?
*Muuza pochi, Kariakoo*

Marahaba, mwanangu. Usifunge. Ila usiendelee kuuza kama ulivyokuwa unauza.

Tuanze na hiyo yuani 28. Ni kama shilingi elfu kumi hivi, na mteja wako hakudanganyi. Lakini hiyo ni bei ya mlangoni kwa muuzaji, kwenye mtandao kama 1688 ambao kampuni ya Alibaba ya Hangzhou, China, iliutengeneza ili Wachina wauziane jumla wao kwa wao, kwa Kichina na kwa malipo ya kwao. Ukiisoma ukiwa umekaa Buguruni umesoma mwanzo tu wa hesabu. Pochi itoke kiwandani iende godauni la wakala Guangzhou. Wakala achukue chake. Ilipiwe nafasi yake kwenye kontena la kuchangia, kwa ujazo, na pochi ni kitu chepesi kinachokula nafasi. Ikae baharini mwezi, pengine zaidi. Ikifika Dar, TRA haikokotoi ushuru kwenye yuani 28 peke yake, inajumlisha nauli na bima kwanza. Tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazoingia zikiwa zimeshatengenezwa, za ngozi na nguo zikiwemo. Juu ya hapo VAT asilimia 18. Bado hujamlipa wakala wa forodha, kuli, kirikuu cha kutoka bandarini na fremu ya Narung'ombe, ambayo wote tunajua kodi yake haisemeki mbele ya watoto.

Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, kwa pochi moja tu, uiweke chini ya kioo cha kaunta. Mteja akianza habari za yuani, mwonyeshe.

Sasa, kilichobadilika ni nini? Nilipoanza kazi, ofisi yetu ilikuwa na mashine moja ya teleksi, na aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa mama mmoja mkali kuliko meneja. Kila dakika hewani ilikuwa pesa, kwa hiyo ujumbe ulichapwa kwanza kwenye utepe wa karatasi, ukatobolewa vitobo, ndipo ukarushwa kwa mkupuo, na maneno yamekatwakatwa mpaka Kiingereza chenyewe hakijitambui. Meli iliweza kutia nanga na mzigo ukashushwa, huku hati ya shehena, ambayo bila hiyo mzigo hautoki, bado iko njiani kwa kuria, na gharama ya kuhifadhi inapanda kila kukicha. Mfanyabiashara mwenye jina la kiwanda na namba yake ya teleksi alivificha viwili hivyo kama siri ya ukoo, maana mtaji wake ulikuwa humo.

Wewe na tiketi zako za Guangzhou mlikuwa mnauza kitu hichohicho, yaani kuijua njia. Leo njia anaijua kila mwenye bando. Faida iliyokuwa ndani yake imekwisha, na usikae ukiisubiri.

Ila angalia nani anaingia Kariakoo asubuhi. Wamo watu wa Lubumbashi, wa Lusaka, wa Bujumbura, wa Moroni, wa Lilongwe, na wote wana simu kama ya mteja wako. Kwa nini wanapanda basi au ndege kuja kwako? Kwa sababu kiwanda kinataka achukue mzigo mkubwa wa rangi moja, na wewe unamvunjia katoni, achukue tatu za hudhurungi, tano nyeusi, apapase zipu, anuse kama ngozi ni ngozi, na aondoke nazo leo. Na yule wa Mbeya unampa mali kauli, anauza kwanza ndipo analeta pesa, kwa kuwa unamjua yeye na unamjua shemeji yake. Hakuna programu ya Hangzhou itakayompa mali kauli mtu wa Mbeya.

Usisahau pia kwamba Jumia, iliyokuja na vishindo vya kuwa duka la Afrika nzima mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wauzaji wa Instagram wa Kariakoo, wenye bodaboda mmoja wa kuaminika na namba ya Lipa, wapo mpaka leo. Mtu anataka aione pochi kabla hajalipa.

Mteja anayeagiza mwenyewe naye asidhani amemkwepa dalali. Dalali wake hana kibanda tena, yumo ndani ya programu. Muuzaji anayetokea wa kwanza ukitafuta "pochi", mara nyingi amelipia kutokea wa kwanza. Programu inachukua asilimia yake, wenye njia ya malipo wanachukua yao, na kiwango cha kubadilisha fedha kinammega mteja bila yeye kujua. Serikali yetu ilitoa amri Julai 2025 ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, duka la rejareja likiwemo, na Kariakoo walishangilia. Sawa. Lakini amri ile inamhusu mgeni aliyesimama nyuma ya kaunta Mtaa wa Kongo. Anayeuza kwa simu akiwa Guangdong hana kaunta ya kufungwa. Hata Marekani imehangaika na jambo hili: vifurushi vya chini ya dola 800 vilikuwa vinaingia bila ushuru, maduka ya mtandaoni kama Shein na Temu yakapita mlango huo mpaka Mei 2025 ulipofungwa kwa bidhaa za China.

Kwa hiyo shauri langu: safari ya Guangzhou ipunguze, pesa yake iweke kwenye kuwa na rangi nyingi na kwenye kubadilishia mteja pochi iliyokatika mkanda. Vitu hivyo havipigwi picha.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba. Siku hizi mnada unafanyika kwa mtandao, tunaona bei za wanunuzi kwenye skrini, hakuna tena kufungua sanduku la barua. Kijana wangu anasema sasa tumeingia soko la dunia. Mimi naona bei ikiyumba huko Vietnam, na sisi tunayumba wiki hiyohiyo. Hii ni nafuu au ni balaa?
*Mkulima, Tandahimba*

Marahaba, kaka. Soko la dunia mliingia zamani, tangu korosho za kwanza zilipopakiwa kwenda India kubanguliwa. Kilichofika juzi ni dirisha la kulichungulia.

Niwakumbushe wasomaji wasio wa kusini. Tangu 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi, mzigo unaingia ghala kuu, wanunuzi wanashindania kwa pamoja. Kwa miaka mingi walishindana kwa barua za zabuni zilizofungwa, zikafunguliwa mbele ya wakulima. Wazee wa huko watawaambia jinsi barua tano za watu watano zilivyoweza kufanana bei kwa senti. Mwaka 2018 bei ziligomewa, serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba. Siku hizi mnada unapitia mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa Tandahimba na Newala ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo.

Je, skrini ndiyo iliyoileta 4,000? Kwa sehemu tu. Msimu ule Vietnam ilikuwa na njaa ya korosho ghafi. Vietnam ndiyo muuzaji mkubwa wa korosho zilizobanguliwa duniani, lakini mashamba yake hayatoshi viwanda vyake, kwa hiyo inanunua Afrika na Kambodia. Na Mungu amewapa nyinyi kalenda nzuri. Afrika Magharibi wanavuna kuanzia Februari hivi, nyinyi mnavuna Oktoba, Novemba, Desemba, wakati maghala ya wengine yamekauka. Hiyo ndiyo nguvu yenu, na haikuletwa na kompyuta.

Skrini inafanya kazi mbili. Inawanyima wanunuzi nafasi ya kupanga bei kimyakimya, maana bei zao zinaonekana kwenye skrini. Hilo ni jema na nalisifu. Pia inaleta tetesi za Ho Chi Minh City, huko Vietnam, mpaka Tandahimba siku hiyohiyo. Zamani bei ikishuka huko, habari ilichukua muda, na katikati kulikuwa na mtu aliyejua kabla yako akafaidi. Sasa mnajua pamoja. Kuyumba unakokuona kulikuwepo siku zote, ila aliyekuwa anaona ni mnunuzi peke yake.

Bado kuna kitu kimoja anachokiona yeye na wewe hukioni. Kabla ya mnada, sampuli inachukuliwa ghalani, korosho zinakatwa katikati, kiini kinapimwa. Mnunuzi anahesabu ratili (paundi) ngapi za kiini kizuri zitatoka kwenye gunia la kilo 80. Ratili 48 na ratili 52 si bei moja. Namba hiyo inapigwa picha, inatumwa Vietnam kwa WhatsApp, na mtu aliye kiwandani kule anaijua korosho yako kuliko wewe uliyeipalilia. Mkutano ujao wa chama, simama umwombe katibu aisome namba ya kiini kwa sauti, kwa kila ghala, kabla hamjapiga kura ya kukubali bei. Siyo siri na siyo hisani.

Kuhusu nafuu au balaa: ni nafuu kwa bei, na haijagusa lile kubwa. Korosho bado inapanda meli na ganda lake. Kodi ya kusafirisha korosho ghafi ipo, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayolipwa, na iliwekwa ili ibanguliwe hapa. Bado nyingi inaondoka hivyohivyo. Mashine ya kubangua, umeme usiokatika na mkopo wa riba ya kuvumilika havitumwi kwa simu. Wanaokwambia teknolojia imeleta kiwanda Tandahimba, waulize kiko mtaa gani.

Shangazi, habari yako. Niko Rongai, nje kidogo ya Nairobi. Nimekuwa nikifanya kazi za mtandaoni, kuchora visanduku kwenye picha za barabara ili magari yasiyo na dereva yajifunze. Siku moja nimeamka akaunti imefungwa na pesa yangu imo ndani. Hakuna ofisi, hakuna namba ya simu, ni barua pepe inajibu yenyewe. Nimshtaki nani?
*Kijana, Rongai*

Pole sana, mwanangu. Babu yako alipotaka kazi ya ng'ambo alihitaji pasi na meli. Wewe kazi yako inavuka bahari kila usiku na mwenyewe umelala Rongai. Vijana wa Bangalore na Manila walitangulia njia hii kwa kupokea simu za wateja wa Marekani, lakini wao walikuwa na jengo, na zamu, na meneja wa kumfokea. Wewe kazi yako imekatwa vipande vidogo mno mpaka mwajiri amepotelea katikati ya vipande.

Si wewe peke yako, na nakwambia hivyo ili usijione mjinga. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliwafungia milango Wakenya, watu wakabaki wanatazamana. (Sijui kama ndilo lako, hukulitaja, na sikuombi ulitaje.) Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba Wakenya waliokuwa wakichambua maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Akili inayouzwa California kwa mabilioni imefundishwa pia na watu wanaopanda matatu ya Thika Road.

Kumshtaki nani? Hapo Kenya imefungua njia kidogo. Waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi kupitia kampuni ya kati walimshtaki mwenye mtandao mwenyewe. Meta, ndiyo mwenye Facebook, ikajibu kwamba haina ofisi ya kushtakiwa huko. Mahakama ya kazi ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi inaweza kusikilizwa Kenya. Kesi ya mtu mmoja mwenye salio dogo haiendi mbali, nakuambia ukweli. Kesi ya watu mia moja ni habari nyingine. Mei Mosi 2023 wachuja maudhui walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Watafute watu wa aina hiyo kabla hujamtafuta wakili.

Na ukipata jukwaa jingine: toa pesa kila inaporuhusiwa, usiifanye akaunti benki. Piga picha ya skrini ya kila kazi iliyokubaliwa, yenye tarehe na kiasi. Usikodishe akaunti ya mtu wa nchi nyingine wala usinunue, najua zinauzwa Telegram. Ikifungwa hiyo, hata sisi tutakaokuhurumia hatutakuwa na la kusema.

Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi hoteli Nungwi. Mei 2024 mtandao ulilala, wageni wa Ulaya hawakuweza kutufikia. Mbona watu wanasema intaneti iko hewani?
*Mpokea wageni, Unguja*

Marahaba. Iko chini ya bahari. Kebo ya SEACOM ilitua pwani yetu Julai 2009, EASSy ikafuata 2010, na tarehe 12 Mei 2024 zote mbili ziliharibika kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache kabla, kebo nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, na nanga ya meli iliyopigwa ikatajwa kuwa ndiyo iliyoziburura. Tazama ramani: kebo za kwenda Ulaya zinapita mlango uleule wa Bab el-Mandeb, wa kuingilia Bahari ya Shamu, ambao meli zetu za mizigo zinapita. Wahouthi wa Yemen walipoanza kurusha makombora pale, meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, nauli ikapanda, kebo zikakatika, na mafundi wa kuzitengeneza hawakuweza kusogea upesi. Kwa hoteli yako: weka laini za kampuni mbili, kisha uliza kila kampuni inatumia kebo ipi. Laini mbili za kebo moja ni laini moja.

Shangazi, shikamoo. Naagiza vipuri vya pikipiki kutoka Chongqing, muuzaji ni yuleyule miaka mingi. Wiki hii ameniletea invoisi yenye akaunti mpya ya benki, anasema ya zamani inakaguliwa na mamlaka ya kodi. Barua pepe ni ileile. Nitume?
*Muuza vipuri, Dodoma*

Usitume hata senti! Kuna watu wanaingia kwenye barua pepe ya muuzaji au yako, wanakaa humo wanasoma tu, wanajifunza mnavyosalimiana, wanasubiri siku ya malipo ifike. Kisha wanatuma invoisi yenye mhuri uleule na akaunti ya kwao. Hadithi ya ukaguzi wa kodi ndiyo wanayoipenda. Iangalie anwani herufi kwa herufi, mara nyingi wameongeza moja au wamegeuza "l" kuwa "i". Kama kweli ni ileile, basi ni mbaya zaidi, wako ndani.

Angalia jina la mwenye akaunti. Kampuni halali ya China ina namba ya usajili ya tarakimu na herufi 18 kwenye leseni yake, na jina la leseni lazima lilingane na jina la akaunti. Akaunti ya mtu binafsi, au ya kampuni nyingine ya Hong Kong usiyoijua, ikatae. Badilisha nywila yako leo kwa kutumia kompyuta nyingine, na uwaambie benki wasipitishe malipo yoyote mpaka ufike mwenyewe. Halafu mpigie muuzaji simu ya video kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye invoisi mpya, na umwombe asome namba ya akaunti huku unamtazama usoni.